Karema: Historia ya Parokia ya Mwambao, 1885 hadi Leo

Parokia ya Karema iko katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma na Ujiji, katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Ilianza mwaka 1885, pale Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadre Weupe, walipokabidhiwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji ufukweni. Wakristo wake wa kwanza hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa kabila moja. Wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa utumwani, waliookotwa pande zote za ziwa, ambao hawakuijua tena njia ya kurudi kwao. Watu hao, pamoja na Wabende na majirani zao, ndio walioijenga jamii ambayo mpaka leo inasali na kuzika wafu wake mahali palepale. Namna jamii hiyo ilivyodumu ndiyo habari kubwa ya Karema: kila kizazi kilioza vijana wake, kilifundisha wadogo, kiliuguza wagonjwa na kulea watu wa kupokea kazi waliyoiacha wazee.

Mwanzo: Ujiji, 1879

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora iliishia Ujiji. Kufikia katikati ya karne ya 19 mji huo ulikuwa makazi ya wafanyabiashara wa pwani, na sokoni kwake zilikutana chumvi ya Uvinza, samaki wa ziwa, mawese, pembe za ndovu na watumwa, huku shanga zikitumika kama fedha. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapohapo. Uislamu ulikuwa umeshatia mizizi mjini, na Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara kwenye bandari zote za ziwa.

Shirika la Wamisionari wa Afrika lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Miaka kumi baadaye alituma msafara wa kwanza kwenda kwenye maziwa makuu, wamisionari kumi kwa jumla. Joachim Pascal, aliyekuwa awe mkubwa wa kundi la Tanganyika, alifariki njiani Agosti 1878, kabla hajaliona ziwa. Waliobaki waligawanyika Tabora: wengine wakaelekea Uganda, na wanne, yaani Deniaud, Delaunay, Dromaux na Augier, wakafika Ujiji Januari 1879. Walikuta Waprotestanti wa London Missionary Society wamewatangulia kwa miezi michache. Miongoni mwao alikuwamo nahodha Edward Hore, ambaye baadaye alizunguka ziwa lote na kuchora pwani zake.

Ujiji haukuwa mahali pepesi pa kuanzia. Utajiri wa mji ulitegemea biashara ileile ambayo wamisionari walikuja kuipinga, na watu wake walikuwa na dini yao, mashehe wao na madrasa zao. Mapadre waliufanya mji huo kituo cha kupokelea barua na mizigo, wakatafuta makazi kwingine. Walijaribu Rumonge, upande wa Burundi ya leo, na msiba ukawafika huko: tarehe 4 Mei 1881 Deniaud, Augier na msaidizi wao mlei, d'Hoop, waliuawa katika ugomvi uliotokana na mtoto aliyekombolewa. Walivuka magharibi wakaanzisha vituo vingine, na kikubwa zaidi kikawa Kibanga, kilichofunguliwa mwaka 1883.

Hata hivyo, Ujiji uliwaachia urithi mmoja uliodumu, nao ni Kiswahili. Watoto waliokombolewa walitoka katika lugha nyingi, na lugha pekee waliyoweza kukutania haraka ilikuwa hiyo ya misafara. Delaunay alitunga sarufi ya Kiswahili iliyochapishwa Paris mwaka 1885. Kiswahili kilitumika kufundishia katekisimu, kusalia na kuamulia mashauri, na kwa watoto wa Karema waliozaliwa baada ya hapo kikawa lugha ya nyumbani.

Ngome inapokewa, 1885

Ngome ya Karema ilianzishwa Agosti 1879 na Kapteni Ernest Cambier kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, chombo cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ilikusudiwa kuwa kituo cha kwanza cha mlolongo ambao ungeunganisha Bahari ya Hindi na Kongo. Mwaka huohuo walishushwa ndovu wanne kutoka India karibu na Dar es Salaam, ili ijaribiwe kama wangeweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye hakuishi sana.

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulibadilisha mambo. Leopold alipata Kongo. Mwambao wa mashariki ukawa chini ya Wajerumani. Ngome ya Karema haikuwa na faida kwake tena, akaitoa kwa Wamisionari wa Afrika pamoja na kituo cha Mpala ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1885 kamanda wa mwisho, Luteni Émile Storms, alifunga safari kurudi Ulaya, na mapadre wakapokea funguo.

Mapadre walipokea majengo yenye kuta nene juu ya kilima kidogo, bustani, silaha chache, na watu: askari wa zamani wa kituo, wake zao, na wakulima waliokuwa wamejenga vibanda chini ya ngome kwa kutafuta usalama. Siku hiyo moja walijikuta mapadre, mahakimu na walinzi wa mji mdogo. Mwaka 1886 alikuja kuwasaidia Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Papa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwalinda wanakijiji dhidi ya wakamata watumwa. Mwaka uliofuata alihamia Mpala, akaoa huko, na hakurudi tena Ulaya. Alifariki mwaka 1927 karibu na Moba, na watoto wake wawili walikuwa mapadre.

Ziwa nalo liliibadilisha Karema. Cambier alipojenga, maji yalikuwa karibu na kilima. Miaka hiyohiyo mto Lukuga, mlango wa ziwa upande wa magharibi uliokuwa umezibwa na matope na magugu, ulifunguka na maji yakaanza kukimbilia Kongo. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita kumi. Ngome iliyojengwa iwe bandari ikabaki ikitazama bonde tambarare, na mitumbwi ikawa inafungwa mbali na lango lake. Ardhi iliyoachwa na maji ilikuwa nzuri kwa kilimo. Wanakijiji waliilima, na wageni wa jana wakapata mashamba ambayo hayakuwahi kuwa ya mtu.

Viongozi waliokufa mapema

Vikarieti ya Kitume ya Tanganyika, yaani eneo la kimisionari lililoongozwa na askofu kabla halijawa jimbo, iliundwa mwaka 1886. Jean-Baptiste Charbonnier aliwekwa wakfu kuwa askofu Kipalapala, karibu na Tabora, Agosti 1887. Machi 1888 akafariki Karema, kabla ya kutimiza mwaka. Aliyemfuata, Léonce Bridoux, alifika mwanzoni mwa 1889 na kufariki mwaka 1890. Homa ziliwamaliza mapadre wengi wa kawaida vilevile, wengine wakiwa bado vijana.

Shirika lilikuwa na kanuni tatu ambazo ziliusaidia mji mdogo wa namna hiyo usivunjike kila padre alipokufa. Ya kwanza, kituo hakikukaliwa na wamisionari pungufu ya watatu, ili anapofariki mmoja pabaki wa kumzika na wa kuendeleza kazi. Ya pili, walitakiwa kujifunza lugha ya watu na kuitumia. Ya tatu, kila kituo kiliandika shajara ya kila siku na kutunza madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo. Padre mgeni aliyefika baada ya miezi ya safari alifungua madaftari akajua nani ni mume wa nani, mtoto yupi ameachwa yatima, na shauri lipi halijamalizwa.

Mwaka 1891 uongozi ulimwangukia Adolphe Lechaptois, ambaye alikaa hadi alipofariki Karema tarehe 30 Novemba 1917. Miaka 26 ya mtu mmoja iliipa jamii utulivu ambao haikuupata hapo kabla. Karema ilikuwa makao yake, na kutoka hapo alifungua vituo vya mwambao na vya nyanda za juu za Ufipa.

Watu wasio na ukoo

Katika nchi za mwambao, mtu alijulikana kwa watu wake. Ukoo ulimtafutia mchumba, ukamlipia mahari, ukamwuguza na kumzika. Mtoto aliyekombolewa kutoka kwenye msafara alikuwa amenyang'anywa yote hayo kwa pamoja. Kumpa chakula na nguo kulikuwa kazi nyepesi kuliko kumrudishia jamaa.

Daftari la ubatizo linaonyesha njia iliyotumika. Katika kila mstari huandikwa tarehe, jina la ubatizo, jina la asili, baba, mama, na msimamizi. Kwa mtoto wa Kibende mistari hiyo hujazwa bila shida. Kwa mtoto aliyetekwa akiwa mdogo mno kukumbuka majina ya wazazi, msimamizi wa ubatizo ndiye jamaa wa kwanza anayeandikwa pamoja naye. Usimamizi uliunda udugu wa kweli: msimamizi aliulizwa habari za mwenendo wa mtoto, alisimama naye siku ya ndoa, na watoto wa nyumba hizo mbili walitendeana kama ndugu. Pembeni mwa mstari uleule, miaka mingi baadaye, padre mwingine kwa mwandiko mwingine aliongeza siku ya Kipaimara na siku ya ndoa. Baada ya vizazi viwili daftari hilo lilikuwa limeandika nasaba za watu walioanza bila nasaba.

Vijana walipofikia umri wa kuoa, misheni ilisimama mahali pa wazazi. Mume na mke wapya walipewa kiwanja cha nyumba na shamba, wakaanza kujitegemea. Wakristo na wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, waliishi karibu na kanisa, kengele ikiwaita asubuhi na jioni.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake. Kijiji cha waliokombolewa kilitegemea mno mkono wa mapadre, na Wabende waliokizunguka walikiona kuwa cha wageni. Biashara ya watumwa ilipodhoofika katika miaka ya 1890, baada ya Wajerumani kujenga vituo vyao Ujiji mwaka 1896 na Bismarckburg, yaani Kasanga, mwaka 1898, watoto wa kukombolewa wakapungua. Jamii haikuweza tena kuongezeka kwa njia hiyo. Ilibidi iolewe na kuoa katika vijiji jirani, na ifundishe imani kwa watu waliokuwa huru, wenye wazee wao na mila zao.

Daktari wa Karema

Mtu aliyeunganisha kijiji cha misheni na nchi iliyokizunguka alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa katika miaka ya 1860 Tundurma, karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa, hadi mwaka 1876 alipokombolewa kusini mwa Algeria na Wamisionari wa Afrika. Alibatizwa mwaka 1882. Lavigerie alikuwa na wazo kwamba Afrika ingeponywa na kufundishwa na Waafrika wenyewe, hivyo mwaka 1881 alifungua nyumba Malta, ambapo vijana wachache waliokombolewa walisomea udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho huku wakiandaliwa kuwa makatekista.

Atiman aliondoka Malta mwaka 1888 katika msafara wa Askofu Bridoux. Walitoka pwani muda mfupi kabla ya vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani kuifunga njia nyuma yao. Alifika Karema mwaka 1889, na hakuhama tena. Mwaka huohuo alimwoa Agnes Wansahira, binti wa Kibende, na kwa ndoa hiyo mtu aliyetoka ng'ambo ya Sahara akawa shemeji wa nchi. Kwa wakwe zake, misheni haikuwa tena kijiji cha wageni watupu.

Kazi yake ilikuwa na sura mbili kila siku. Asubuhi aliwapokea wagonjwa: wenye homa, wenye vidonda, watoto wenye surua, watu waliong'atwa na nyoka au kuraruliwa na wanyama. Ndui ilipozuka alichanja. Funza walioingia nchini kutoka upande wa Kongo katika miaka ya 1890 walijaza wagonjwa wa miguu barazani. Alasiri alifundisha katekisimu, na alipoitwa vijiji vya mbali alikwenda na dawa pamoja na mafundisho. Mgonjwa hakuulizwa dini yake, na kwa sababu hiyo watu wa makabila na imani mbalimbali walifika Karema kwa miguu na kwa mitumbwi. Hapakuwa na daktari mwingine katika sehemu kubwa ya mwambao ule kwa miaka mingi.

Aliandika habari za maisha yake, na mwaka 1946 zikachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki Aprili 1956 baada ya miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Alikuwa amewatibu watu, watoto wao, wajukuu na vitukuu. Mapadre, maaskofu na serikali zilibadilika, kutoka enzi ya misafara hadi Wajerumani na kisha Waingereza. Daktari alibaki yuleyule. Kwa jamii changa isiyo na wazee wa asili, yeye na Agnes walikuwa wazee wake.

Makatekista

Njia ya kuingia Kanisani ilikuwa ndefu kwa makusudi. Lavigerie aliagiza maandalizi ya miaka minne kabla ya ubatizo, na katika muda huo mtu alijifunza sala, mafundisho na mwenendo wa Kikristo, hasa ndoa ya mke mmoja. Wengi walikata tamaa katikati. Waliovumilia walikuwa wamezoea kukutana kila juma na kujuana kwa majina, na hivyo siku ya kubatizwa waliingia katika kundi ambalo tayari lilikuwa lao.

Mapadre watatu hawangeweza kufundisha watu wa vijiji vyote kwa miaka minne. Kazi hiyo ilifanywa na makatekista. Katekista alikuwa mwanakijiji aliyeoa, mwenye shamba lake, aliyejifunza kusoma na kuandika misheni na kurudishwa kigangoni, yaani kwenye kanisa dogo la kijiji chake. Jumapili aliongoza sala katika kanisa la miti na nyasi. Siku za kazi alifundisha watoto alfabeti na wakubwa katekisimu. Padre alipokuja baada ya wiki kadhaa, katekista alimpa orodha ya wagonjwa, wachumba na waliogombana. Kipato chake kilikuwa kidogo, na mara nyingi mkewe ndiye aliyewalisha wageni wa misheni kutoka kwenye chakula cha nyumbani. Majina mengi ya watu hao hayakuingia katika vitabu vya historia. Hata hivyo Ukristo wa mwambao ulisambazwa na wao, kijiji hadi kijiji, kwa lugha ambayo watu waliisikia nyumbani.

Masista na mapadre wazalendo

Masista Weupe, wenzao wa Mapadre Weupe, walifika Karema mwaka 1894. Walifungua shule ya wasichana, wakafundisha kushona na kutunza watoto, wakauguza wanawake ambao desturi haikuwaruhusu kuuguzwa na wanaume. Baada ya miaka michache baadhi ya wasichana waliolelewa hapo waliomba kuishi maisha ya useja na utumishi kama wao. Ombi hilo lilikuwa gumu kueleweka. Katika jamii ambayo ilikuwa imepata ukoo kwa njia ya ndoa, msichana aliyekataa kuolewa alionekana anabomoa kile ambacho wazazi wake walikijenga kwa shida.

Mwaka 1907 Askofu Lechaptois alianzisha Karema shirika la wazalendo ambalo leo linaitwa Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Ni kati ya mashirika ya kitawa ya kwanza ya wanawake Waafrika katika nchi hii. Wazazi walikuja kuelewa kadiri walivyowaona binti zao wakiendesha shule na zahanati, wakirudi kusalimia, na wakihudumia koo zote bila kubagua. Baadaye makao makuu yalihamia Sumbawanga, na masista wa shirika hilo wakaenea mbali na ziwa.

Upadre ulichukua muda zaidi. Ulitaka Kilatini, falsafa na teolojia, miaka zaidi ya kumi ya masomo, na wanafunzi wengi waliacha. Seminari ndogo ilianzia mwambaoni na mwishowe ikatulia Kaengesa, katika nyanda za Ufipa. Seminari kuu ilikuwa Kipalapala, iliyofunguliwa mwaka 1925. Mapadre wa kwanza wazalendo wa nchi yote walipewa daraja mwaka 1917 huko Bukoba. Mwaka 1923 ikafika zamu ya Karema: Joseph, mtoto wa Adrian Atiman na Agnes Wansahira, akawa padre. Baba alinunuliwa sokoni kama bidhaa. Mtoto alisimama altareni, na baba yake akapokea komunyo mkononi mwake. Kwa watu ambao wengi wao walikuwa wana wa waliokombolewa, upadre wa Joseph ulithibitisha kwamba kazi zote za Kanisa sasa zingeweza kushikwa na watoto wao wenyewe.

Vita, malale na njaa

Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani mapema. Februari 1915 Wajerumani walishusha majini Kigoma meli Graf von Götzen, iliyoletwa vipandevipande kwa reli iliyofika hapo mwaka 1914. Mwezi Julai 1916, Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Katika miaka hiyo wanaume wa mwambao walichukuliwa kuwa wapagazi, vyakula vilinyang'anywa, na baada ya vita njaa na homa ya mafua ya 1918 zikapita vijijini. Lechaptois alifariki katikati ya taabu hiyo. Vituo havikufungwa kwa sababu makatekista na masista walikuwa wenyeji. Wao hawakuwa na kwingine kwa kwenda.

Malale yalikuwa adui wa muda mrefu zaidi. Mbung'o walienea katika misitu ya nchi ya Mpanda na Kigoma, na katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ilihamisha wanavijiji waliotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Vigango vilivyojengwa kwa jasho vilibaki magofu. Katekista aliyehamishwa pamoja na watu wake alianza upya chini ya mti, na daftari la Karema liliendelea kuwafuata Wakristo popote walipopelekwa.

Kiti cha askofu kinahama

Karema ilikuwa makao ya askofu kwa sababu ziwa lilikuwa barabara kuu. Katika karne ya 20 barabara zilihamia bara. Reli ya Kati iliishia Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 1940 tawi lake lilijengwa kutoka Kaliua kwenda Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Nyanda za Ufipa zikajaa watu, na Sumbawanga ikawa mji.

Kanisa lilifuata watu. Mwaka 1946 eneo la kaskazini lilikatwa na kuwa Vikarieti ya Kigoma chini ya Askofu Jan van Sambeek. Mwaka 1953 kilichobaki kikawa Jimbo la Karema. Mwaka 1958 Charles Msakila aliwekwa kuwa askofu wake, mmoja wa maaskofu wazalendo wa kwanza nchini, na akaliongoza hadi alipofariki mwaka 1994. Chini yake, mwaka 1969, jina lilibadilishwa kuwa Jimbo la Sumbawanga. Mwaka 2000 sehemu ya kaskazini ikawa Jimbo la Mpanda, na Karema ikawa parokia mojawapo ndani yake.

Kwa hiyo kila kilichozaliwa au kulelewa Karema kilikwenda kukaa kwingine: kiti cha askofu, seminari, na makao ya masista. Mji mwingine mdogo ungekufa. Karema ilibaki kama mama aliyeoza binti zake, nyumba yake ikapungua watu lakini ikaendelea kuwa mahali ambapo wajukuu huletwa kuonyeshwa.

Baada ya uhuru

Azimio la Arusha la 1967 na sheria ya elimu iliyofuata zilipeleka shule za misheni serikalini. Katika miaka ya 1970 watu walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Kwa parokia nyingi mabadiliko hayo yalimaanisha kupoteza chombo kikuu cha kulelea watoto, yaani shule. Jibu lilitoka nyumbani. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, yaani vikundi vya nyumba jirani vinavyosali pamoja kila wiki, kusoma Injili, kutembelea wagonjwa na kuchangia misiba.

Kwa wazee wa Karema mpango huo haukuwa mgeni. Babu zao, watu wasio na ukoo, walikuwa wameishi hivyo chini ya ngome. Jumuiya hukutana katika ua wa nyumba mojawapo, kwa zamu. Mwenye nyumba huweka mkeka, msalaba na mshumaa juu ya meza ndogo. Baada ya sala mwenyekiti huuliza nani hakuonekana, nani ameugua, nani amesafiri. Mtoto anayekaa mkekani hapo hujifunza majina ya majirani zake wote kabla hajajua kusoma.

Wageni nao waliendelea kuja. Vita vya Kongo na Burundi vilisukuma wakimbizi kuvuka ziwa na mipaka mara kwa mara. Katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Mpanda, makazi ya Katumba na Mishamo yalipokea Warundi katika miaka ya 1970, na makumi ya maelfu yao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Kanisa lililoanzishwa na waliong'olewa makwao lilijaa tena watu wa aina hiyo.

Karema ya leo

Meli ya Graf von Götzen iliibuliwa mwaka 1924 na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ndiyo iliyoiunganisha Karema na Kigoma, Kipili na Kasanga. Hapakuwa na gati. Meli ilitia nanga majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka ufukweni kuwahi ubavu wake. Magunia ya mchele na ya dagaa yalipandishwa kwa kamba, abiria wakashushwa kwa mikono, mtoto akipokewa na mtu asiyemjua. Mwaka 2022 ujenzi wa bandari ya kisasa ya Karema ulikamilika, ikikusudiwa kupokea mizigo ya Kongo kutoka Kalemie ng'ambo ya ziwa. Lengo la Cambier la 1879, njia ya kuunganisha bahari na Kongo, limerudi Karema kwa sura nyingine, na safari hii linasimamiwa na nchi huru.

Bandari italeta watu wapya, kazi mpya na lugha mpya, na vijana wengi wataendelea kuondoka kwenda Mpanda, Sumbawanga, Kigoma na Dar es Salaam. Parokia inakabiliana na hali hiyo kwa vyombo ilivyovirithi: katekista kigangoni, sista zahanatini na shuleni, jumuiya katika ua wa nyumba, msimamizi kando ya mtoto, na daftari la ubatizo. Mkristo wa Karema anayetaka kufunga ndoa mahali pengine popote huandika kuomba cheti chake cha ubatizo. Katika ofisi ya parokia daftari hufunguliwa, mstari wake hutafutwa, na pembeni mwake huongezwa jina la mwenzi wake, tarehe, na mahali alikofungia ndoa.